Ruhusa ya Kumuuliza Hawa

Newala, jioni

Mwanangu Salima,

Najua ukiiona bahasha hii utacheka. Utasema huyu mzee ana simu, tunalala nyumba moja, kesho asubuhi tutakuwa wote stendi, sasa barua ya nini? Cheka tu, halafu soma. Wewe umekwenda Makote kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema, maana bibi yako hamwachi mtu aondoke bila kumjaza chakula. Nimepata nafasi ya kukaa na kalamu bila mtu kuniuliza naandika nini.

Sitakuandikia habari za shuka, wala dawa, wala upepo wa Dodoma. Hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wa hapa nyumbani wanajua kwamba Dodoma kuna vumbi. Mimi nina jambo moja, lile la jana.

Jana ulinijia na simu yangu mkononi ukasema, "Baba, naomba ubonyeze hapa panaposema Nakubali. Ni ya Hawa." Ukanieleza vizuri tu. Kazi uliyoipata ni ya kuwauliza vijana, kwa simu, mambo yanayowapata huko mtandaoni: wanaongea na nani, nini kinawatisha, nani anawasumbua. Mzazi anatoa ruhusa kwanza, kisha kijana mwenyewe. Mkuu wenu amewataka kila mmoja afike na vijana wachache wa kuanzia majaribio, na wewe ukamfikiria mdogo wako, kwa kuwa ana miaka kumi na tano na simu ya mama yake haimtoki mkononi.

Nikakujibu, "Subiri kesho." Ukanuna. Ukasema, "Baba, ni kubonyeza tu."

Nikaenda zangu msikitini kuswali magharibi, simu nikaiacha juu ya kabati. Namba yake ya siri unaijua kuliko mimi, maana ni wewe uliyeiweka. Mama yako alikuwa jikoni na Hawa alikuwa kwa jirani. Mungu anisamehe, sikumbuki imamu alisoma sura gani, maana muda wote nilikuwa nawaza: atabonyeza, huyu atabonyeza. Niliporudi nikaifungua simu harakaharaka kama mwizi. Ule ujumbe ulikuwa vilevile. Hukuugusa.

Salima, nilifurahi kuliko siku ulipomaliza chuo. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mtu ambaye angebonyeza nisingempotezea wino.

Sasa nikueleze kwa nini sikubonyeza. Ile habari ya Chilangala unaijua kidogo. Ulikuwa bweni Masasi, kidato cha tano, na ulipokuja likizo ilikuwa imeshageuka kichekesho cha nyumbani, mama yako akiisimulia huku akiniigiza ninavyokaza shingo. Haikuwa kichekesho wakati ilipotokea, kwa sababu kuna mtoto nusura apoteze shule.

Walikuja shuleni kwetu watafiti kutoka chuo kikuu, utafiti wao ukiwa kama huu wako. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mpole, tulimwita Dokta Neema. Mimi nilikuwa mwalimu wa Uraia, najua watu, watu wananijua, kwa hiyo wakaniomba nisaidie upande wa ruhusa. Dokta alitufundisha siku nzima. Ujumbe unakwenda kwenye simu ya mzazi, mzazi anasoma, akitaka anabonyeza Nakubali, asipotaka anaacha. Ndipo ujumbe wa pili unakwenda kwa kijana, naye vivyo hivyo. Akaniuliza, "Mwalimu, wazazi wa huku wana simu?" Nikamwambia wanazo. Na kweli wanazo. Hata yule asiye na bati juu ya nyumba ana simu, atauzaje korosho bila simu?

Ambalo hakuniuliza, na mimi sikumwambia, ni simu hizo anazishika nani.

Wewe unalijua hili kuliko mtu yeyote, maana ulikuwa karani wa nyumba hii tangu hujaota meno ya utu uzima. Meseji ya chama cha msingi cha wakulima ikiingia, "Salima, hebu nisomee." Kujiandikisha kupata salfa, dawa ya mikorosho, Salima. Mnada wa korosho umesemaje, Salima. Mimi ni mwalimu, naona aibu kusema, lakini hata mimi ilikuwa ni uvivu tu na miwani iliyopotea. Kwa wenzangu wengi wa Makote na Chilangala simu ni ya mzee, lakini vidole ni vya mtoto. Mzee anaibeba kiunoni siku nzima kwa heshima kubwa, na ikilia anaita mtoto.

Basi ujumbe wa ruhusa ulipokwenda kwa wazazi, waliufungua walewale wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nami nilikuwa nimeshawatangazia darasani, kwa ile sauti yangu unayoijua, kwamba kesho nataka kuona wote wamekubali. Wakabonyeza kwa niaba ya baba. Wakabonyeza kwa niaba ya mama. Kisha wakabonyeza kwa niaba yao wenyewe, kwa sababu mwalimu kasema. Asubuhi yake kila jina lilikuwa limekubali.

Nikampigia Dokta Neema kwa furaha. Akauliza, "Wote, Mwalimu? Hakuna hata mmoja aliyekataa?"

Nikamjibu, na maneno haya mama yako anapenda sana kuyarudia, "Watu wetu ni waelewa sana, Dokta."

Kulikuwa na binti mmoja wa Chilangala, Somoe, mtoto mtulivu wa kukaa dawati la nyuma. Alikuwa akilelewa kwa mjomba wake, Mzee Chitanda. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, hilo sina haja ya kukufundisha, na Mzee Chitanda alikuwa mjomba kweli, anamlipia kila kitu. Simu ilikuwa yake. Somoe akajibu maswali kwenye simu hiyo. Akaulizwa kama kuna mtu mzima anayemtumia vitu vinavyomkosesha raha. Akajibu ukweli, kwamba yupo. Akafuta majibu yake, mtoto mwerevu. Lakini hakujua kuwa utafiti ungemjibu.

Siku ya pili Mzee Chitanda yuko ghalani na korosho zake, amekaa na wenzake wanangoja kupima. Simu ikalia. Akajua ni habari ya mnada, akampa kijana mmoja wa ghalani, "Nisomee, mwanangu." Kijana akasoma kwa sauti, kama wanavyosoma siku zote, ili na wengine wasikie bei. Ujumbe ulikuwa unasema: asante kwa majibu yako, umetueleza kuwa kuna mtu mzima anakutumia picha usizozitaka, je, ungependa kuongea na mtu wa kukusaidia? Yule kijana alipogundua anasoma nini alikuwa ameshafika mwisho.

Jioni Mzee Chitanda akaja hapa kwetu. Afadhali angekuja na matusi. Alipiga hodi, akasalimia, akakubali maji, akauliza hali za watoto mmoja mmoja mpaka akakufikia wewe wa Masasi. Ndipo akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wetu. Nani alikupa ruhusa ya kumuuliza mtoto wangu mambo yale?"

Nikamwambia, "Ni wewe, Mzee wangu. Ulibonyeza Nakubali. Imeandikwa."

Akaitoa simu kiunoni akaiweka juu ya meza, mbele yangu. "Mimi? Mimi hata jina la mke wangu sijui kulibonyeza." Hakupandisha sauti. Akasema Somoe hatakuja shule mpaka aelewe shule yenyewe inafundisha nini. Akaaga, akaondoka.

Salima, usiku ule niligundua kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kumtupia lawama. Nilijaribu kwa Dokta, nikajaribu kwa wanafunzi waliobonyeza, nikajaribu kwa yule kijana wa ghalani. Mama yako alinisikiliza, akasema, "Baba Salima, ukimaliza kuwagawia wenzio, ubakize kidogo chako."

Asubuhi tukaenda Chilangala, mimi na yeye. Nilikuwa nimebeba karatasi za utafiti zenye mihuri ili nimwoneshe Mzee Chitanda kwamba mambo yote yalifuata utaratibu. Mama yako alizichukua njiani akazitia kwenye mkoba wake, na sikuziona tena mpaka tuliporudi nyumbani. Tukapokewa, tukakalishwa. Nikaomba radhi, kwa mdomo mtupu, bila mhuri. Nikasema sikujua anayeshika simu ni nani, halafu nikajisahihisha, nikasema nilijua, ila sikutaka kujua kwa sababu ilinirahisishia kazi. Mzee Chitanda akasema amesikia. Akamwita Somoe.

Binti akaja, akapiga magoti, shikamoo mwalimu, shikamoo mama, macho chini. Nikamuuliza, kwa upole wangu wote, "Somoe, ulipenda kujibu yale maswali?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mjomba wake akauliza, "Kwa hiyo unataka kurudi shule?"

"Ndiyo, mjomba."

Mimi, mjinga, nikajifanya nampunguzia mzigo. "Au unaona ni vizuri upumzike nyumbani kwanza?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mama yako alicheka mpaka akashika ubavu. Wanaume wawili tukamtazama. Akasema, "Jamani, mtoto huyu hata mkimuuliza kama anataka kula mchanga atasema ndiyo. Niacheni naye." Akamshika Somoe mkono, wakaenda uani ambako kulikuwa na ungo wa mbaazi za kumenya. Wakamenya mbaazi. Sisi tukabaki sebuleni tukitazamana kama watoto walioadhibiwa, tunaongea habari za mvua.

Walikaa sana. Mama yako aliporudi alikuwa na majibu, na aliyatoa kwa idhini ya Somoe, maana alimuuliza kwanza lipi lisemwe na lipi libaki uani. Somoe hakutaka kujibu maswali yale. Alijibu kwa sababu ya sauti yangu. Shule anaitaka sana. Na yule mtu aliyekuwa anamtumia picha alitaka akome, hilo alilitaka kuliko vyote, ila hakujua amwambie nani kati yetu, kwa sababu kila mkubwa aliyemfahamu alikuwa anamsomesha au anamlisha.

Nilijisikia vibaya, mwanangu, lakini sikujisikia vibaya kama nilivyotegemea. Nilijisikia kama mtu aliyeoneshwa mlango katika nyumba anayokaa siku zote. Miaka yote ile nilikuwa nauliza darasa zima, "Mmeelewa?" nao wanajibu, "Ndiyoo," nami nafuta ubao.

Dokta Neema akaja mwenyewe kutoka mjini. Alikwenda Chilangala, akaomba radhi kwa Mzee Chitanda na kwa Somoe pia, mbele ya Mzee, jambo ambalo lilimshangaza Mzee kidogo. Akahangaika na suala la yule mtu hadi polisi, dawati la jinsia, na picha za kumsumbua mtoto zikakoma. Kisha akafuta majibu yote. Sikuamini. Kazi yote ile, majina yote yale yaliyokubali, akayafuta. Nikamwambia, "Dokta, ungefuta ya Somoe tu." Akanijibu, "Mwalimu, hayo mengine nayo hatujui ni ya nani."

Tulianza upya. Safari hii hatukutuma ujumbe kwanza. Tulikwenda kwenye mkutano wa chama cha msingi, tukasubiri hadi mambo ya korosho yaishe, kisha kijana mmoja mtoto wa Makote akaeleza kwa Kimakonde, kwa kuwa Kiswahili changu cha ualimu kinawafanya watu waitike tu. Wazazi waliuliza maswali makali, na mimi ndiye niliyeona haya, maana mara ya kwanza sikuwapa nafasi hata ya kuuliza. Kwa watoto, mimi na walimu wenzangu tulikatazwa kukaribia. Waliambiwa na watu wasiowafundisha. Na waliambiwa hivi: asiyetaka, anyamaze, na hatafuatwa. Dokta alisema kwa mtoto wa huku kusema hapana mbele ya mkubwa ni kazi ngumu, kwa hiyo tumtengenezee hapana isiyohitaji mdomo. Majibu nayo hayakubaki tena kwenye simu ya mtu.

Wengi walinyamaza. Mimi nilihesabu hiyo kuwa ni kushindwa. Dokta Neema alifurahi hata nikadhani jua la huku limemwingia kichwani. Nikamuuliza unafurahia nini, nusu wamekukimbia? Akasema, "Sasa naweza kuwaamini waliobaki."

Somoe alirudi shule. Katika duru hiyo ya pili alinyamaza, na hakuna aliyemfuata. Sasa yuko Ndanda anasomea uuguzi, na tukikutana barabarani bado ananipigia goti, ila siku hizi huwa ananitazama usoni.

Sasa nije kwako, maana kuna kosa jingine, nalo hujawahi kunidai.

Ulipomaliza kidato cha nne nilikuuliza, "Utasoma sayansi, sivyo?" Ukasema, "Sawa, baba." Nilikuuliza nikiwa nimeshamwambia kila mtu, hadi imamu, kwamba mwanangu atakuwa daktari. Ukaenda Masasi ukahangaika na fizikia miaka miwili, ukawa unarudi likizo umekonda, na mimi nakwambia kaza buti. Siku uliyoniambia kwamba chuoni umeomba sosholojia ulisimama mlangoni tayari kukimbia. Nilijua siku hiyo kwamba ile "sawa" ya kwanza haikuwa yako. Ilikuwa yangu mwenyewe, nimeitoa mdomoni mwangu nikaitia mdomoni mwako. Naumia nikikumbuka. Nafurahi pia, kwa sababu ulifika unakotaka bila msaada wangu na bado unanipenda.

Nakwambia hayo kwa sababu kuanzia kesho wewe ndiye mkubwa. Huko uendako utakuwa dada wa chuo, una kitambulisho shingoni, una Kiswahili kizuri na tabasamu la mama yako. Watoto watakusalimia shikamoo. Wazazi watakupa kiti. Watakubali, Salima, watakubali haraka sana, na utajiona unaijua kazi. Mimi nilijiona hivyo. Ukisikia ndiyo nyingi mno siku ya kwanza, uketi kidogo ujiulize nani ameshika simu.

Sikufundishi kazi. Umesomea, na yapo mambo katika ile karatasi yenu ambayo hata sikuyaelewa hadi uliponieleza. Mimi nakupa tu kile kilichonigharimu mimi.

Haya, ya Hawa.

Leo mchana, ulipoondoka kwenda Makote, nilimwita. Alikuwa anachambua mchele, nikamwambia aendelee tu kuchambua, nikakaa pembeni nikamsaidia kutoa mawe, ili asilazimike kunitazama. Nikamweleza kazi yako yote. Nikamweleza wataulizwa nini, hata yale mambo ya watu wazima wanaosumbua watoto, nikayasema kwa majina yake, na masikio yalinichoma maana si mazungumzo ya baba na binti katika nyumba zetu. Nikamwambia nani atasoma majibu na nani hatasoma, na kwamba mimi na mama yake ni miongoni mwa wasiosoma. Nikamwambia anaweza kukubali leo na kuacha kesho. Kisha nikasema, "Usinijibu. Naenda kuswali alasiri. Ukitaka, utamwambia mama yako, au utaniambia mimi, au hutamwambia mtu. Ukinyamaza hadi dada yako arudi, nitamwambia hapana, na habari imeisha."

Nikaondoka. Safari hii niliswali vizuri.

Niliporudi nilikuta kikombe cha chai kwenye stuli pale barazani, na Hawa amesimama karibu nacho.

"Baba," akasema, "nimefikiri. Sitaki."

"Haya," nikasema, nikachukua chai.

Akabaki amesimama. "Hutaniuliza kwa nini?"

"Hapana."

Salima, natamani ungekuwepo umwone. Mtoto alinitazama kana kwamba nimemwongelesha kwa lugha ya kigeni. Akazunguka kwenda jikoni, akarudi, akatoka tena, akarudi. Akasema, "Dada atakasirika."

Nikamwambia kwamba dada yake ana akili.

"Dada angeniuliza yeye ningekubali," akasema. "Ningekubali hata kabla hajamaliza kusema. Ni dada." Na hilo alilisema kwa mapenzi, wala hakuwa anakulaumu. Mwanangu, anakupenda kiasi kwamba hawezi kukukatalia. Angebonyeza, angejibu kila swali, na wewe ungefika Dodoma na jina la mdogo wako likiwa la kwanza, umefurahi, na yeye angebaki hapa na jambo ambalo hakutaka kulisema, ameshalisema.

Lipo jambo? Halipo? Sijui, na sikumuuliza. Usidhani silali kwa kulifikiria, mimi ni baba. Ila nimemwambia mama yako, na kesho kutwa wana mbaazi za kumenya wawili hao, na mlango uko wazi. Kama lipo atalisema kwa mtu wake na kwa wakati wake. Leo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, binti yangu wa pili amenitazama usoni akasema sitaki, na kikombe cha chai hakikuanguka. Nilitaka kumkumbatia. Sikumkumbatia, kwa kuwa angedhani nimekubali pia awe na simu yake mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kama mzazi ni hapana, kwa kuwa ni jibu lake. Najua unatakiwa kufika na vijana wa kuanzia, na najua kazi ya kwanza mtu hapendi kufika mikono mitupu. Mwambie mkuu wako uliuliza nyumba moja huku Newala, ukauliza sawasawa, ukakataliwa. Kama ni mtu anayeijua kazi yake, kama Dokta Neema, atakupa kiti cha mbele. Kama hajui, basi una kazi ya kumsaidia, na nakuamini utaiweza. Nakuamini tangu jana magharibi.

Kesho asubuhi Hawa atabeba begi lako dogo hadi stendi. Ameshaliweka karibu na mlango, hataki mtu mwingine alichukue. Atakuwa anakuangalia kwa pembeni kujua kama umekasirika. Basi la Masasi likianza kuunguruma, mkumbatie mdogo wako kwa nguvu, mwambie ahsante kwa kusema ukweli, na panda ukakae dirishani umpungie mkono hadi msionane. Lakini Salima, hata kwa mzaha, hata kwa mapenzi, usimuulize sababu.

Ni mimi baba yako,
anayekupenda na anayejifunza bado.